Mbegu Nilizotunza Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo bwana shamba alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama akasema kila mwenye bustani awe na daftari. Aandike siku aliyopanda, siku mvua iliponyesha, mdudu aliyemwona. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu kuku akiuona atadai ni wake." Wenzangu wakacheka. Yeye akasema, "Mama, mche hausahihishi mtu. Wewe andika tu."

Basi naandika. Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane. Kuna mchicha, bamia, nyanya, na kando ya ua nitapanda mamumunye. Mvua bado. Mdudu sijamwona. Woga ninao, lakini hakusema kama woga nao unaandikwa.

Jumatano, 5 Machi

Naona nitauandika.

Mwanangu ni mmoja tu, dereva wa malori ya masafa marefu. Anakuja siku mbili, anaondoka wiki nne. Mkewe, mkamwana wangu, nakaa naye mimi. Ana mimba ya miezi minne na nusu. Mbili za kwanza ziliharibika, zote zikiwa zimetimiza miezi sita. Ile ya pili nilikuwepo, nilishika beseni kwa mikono yangu. Sitaandika zaidi.

Mwanangu alipokuwa anaondoka alinishika bega akasema, "Mama, nakuachia watu wangu wawili." Wawili! Tangu siku hiyo mimi na usingizi ni kama wakwe, tunapishana mlangoni bila kuangaliana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetia mbegu za mamumunye kwenye kitalu, ishirini. Hizi sikununua. Mwaka jana mmumunye wangu wa kando ya ua ulizaa mpaka nikaona haya mbele za watu. Nikaacha tunda moja mtini likomae likauke, nikalipasua, nikaosha mbegu, nikazianika kivulini, nikazichanganya na majivu, nikazifunga kwenye chupa. Miezi yote hiyo nimekuwa nikiitikisa chupa nisikie kama bado ni kavu. Za dukani sijui zimelelewa na nani. Hizi nimezilea mwenyewe.

Udongo wa kitalu: mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la samadi iliyooza vizuri, mchanga kidogo. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Jumatano, 12 Machi

Manyunyu. Hayakulowesha hata kamba ya nguo.

Jumapili, 16 Machi

Kumi na saba zimeota! Nimezihesabu mara tatu. Jua kali, nimezifunika na gunia juu ya vijiti.

Jumanne, 18 Machi

Leo mkamwana alipokuwa anakula mchicha alisema, taratibu tu, "Mama, kuna mchanga kidogo." Nilisikia uso unawaka. Mimi, mchanga? Nimeosha maji matatu. Nikachukua sahani yake, nikamwaga, nikaenda kuosha mengine maji manne. Sikula mchana. Si kwamba nilimkasirikia. Niliogopa tu kwamba mchanga umeshaingia kwa mtoto.

Huyu binti ni mkimya. Ana kimya cha duka lililofungwa, hujui kama mwenyewe yumo ndani. Wakati mwingine naona ananidharau, kasoma kidato cha nne na mimi hivi nilivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepandikiza. Jua lilikuwa limepungua, ndiyo saa nzuri, mche unalala umeshika udongo. Nimejiwekea sita kando ya ua. Nane nimegawa, maana miche ikijazana inagombana kama wake wenza. Mitatu ilikuwa dhaifu, nimeitupa. Bwana shamba alisema niandike waliopata: mwalimu mstaafu miwili, kinyozi mmoja, mama wa genge miwili, mke wa mlinzi miwili, mama mwenye nyumba mmoja. Nyumba tano.

Fundi cherehani, mwanamke mwenzangu, jirani yangu wa ua mmoja, yeye hakutaka. Ana vibuyu vyake, vile vigumu visivyoliwa, anavikausha anatengeneza kata za kuchotea maji na mapambo ya kuuza. Kila mwaka anavipanda upande wa pili wa seng'enge, na kila mwaka vinavuka kuja kwangu.

Nikamwita: "Jirani, kibuyu chako kimenifuata tena!"

Akajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani: "Kimekupenda, dada. Kipe kiti."

Mdomo wake ni sindano ya pili. Nikakikunja kikonyo chake nikakirudisha kwao.

Jumamosi, 29 Machi

Jino la nyuma linauma. Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua ya mawe kidogo. Nilitoka na beseni kichwani kwenda kufunika nyanya. Mkamwana akatoka nyuma yangu kunisaidia, nikampigia kelele kama mwizi: "Rudi ndani! Utateleza!" Akasimama mlangoni na mikono imeshika tumbo. Baadaye nikamwambia samahani. Akasema, "Hakuna neno, mama." Kila kitu kwake hakuna neno.

Jumapili, 13 Aprili

Nyanya zina madoa meusi kwenye majani ya chini. Bwana shamba kasema ni ukungu, maji mengi. Nikate majani ya chini yote yanayogusa udongo, nifunge mashina kwenye vijiti yapate hewa, nisimwagie maji juu ya jani bali shinani, na nikishika mche mgonjwa ninawe kabla ya kushika mzima.

Nimenawa mpaka ngozi imeparara. Halafu nikawaza, je, ukungu unaweza kumpata mtu? Nikamuuliza. Akacheka, akasema hapana mama. Hata hivyo nimemkataza mkamwana kupita upande wa nyanya.

Jumapili, 20 Aprili

Ametimiza miezi sita. Sasa tumeingia kwenye mwezi ule.

Jumatatu, 21 Aprili

Hajambo.

Jumanne, 22 Aprili

Hajambo. Alikohoa mara mbili.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameamka amechelewa. Nilisimama nje ya mlango wa chumba chake na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Mlango ukafunguka ghafla, tukagongana, chai yote kifuani kwangu. "Mama, ulikuwa hapa tangu saa ngapi?" Nikasema ndiyo kwanza nafika. Chai ya baridi, na nasema ndiyo kwanza nafika!

Majirani wananiita Mama Roho Juu. Nimewasikia. Na waite.

Jumatano, 30 Aprili

Mimumunye imepanda chanja niliyoijengea kwa fito kando ya ua. Majani mapana kama sahani za harusi. Nimekata ncha ya shina kuu ili litoe matawi, maana matawi ya pembeni ndiyo yenye maua jike. Ua jike utalijua, lina kitoto chake nyuma tangu halijafunguka. Yanafunguka jua likizama, meupe. Nyuki na vipepeo wa jioni wanakwenda kwangu, wanakwenda kwa fundi cherehani, wanarudi. Wao hawajui seng'enge.

Mkamwana hajambo. Jino linaniua.

Jumanne, 6 Mei

Alipata maumivu ya kiuno asubuhi. Nililia chooni asinione. Nimempeleka kituo cha afya, nesi kasema ni kawaida, mtoto anajinyoosha. Njiani kurudi mkamwana alinishika mkono wakati wa kuvuka barabara, nikadhani anaogopa magari. Baadaye nikagundua ni mimi niliyekuwa natetemeka.

Jumatano, 14 Mei

Vitoto viwili vya mumunye vimeshika. Kimoja kirefu kama kidole. Nimeviwekea majani makavu chini.

Jumanne, 20 Mei

Miezi saba! Tumeuvuka! Nimemwambia, "Mwanangu, tumevuka mto." Akatabasamu. Meno yake mazuri, sikuwa nimeyaona vizuri.

Mumunye la kwanza liko tayari. Ukucha unazama kwenye ngozi bila kushindana, hapo ndipo pa kulichuma. Ukilichelewesha linaharibika, si ndiyo maana wanasema fulani kaharibikia ukubwani kama mumunye. Hili nitampikia yeye. Keshokutwa, nikitoka kung'oa jino.

Ijumaa, 23 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Ni asubuhi. Nimetumwa kuleta khanga nikalileta na daftari, sijui kwa nini.

Jana nilikwenda kung'oa jino. Nikarudi na pamba mdomoni, shavu limekufa, ulimi mzito kama kiatu. Nikachuma mumunye, nikamenya, nikakata vipande, nikakaanga kitunguu na nyanya mbili, nikatia chumvi kwa kukisia. Sikuonja. Ningeonja nini na mdomo ule? Nikampakulia na wali. Nikakaa mbele yake na mdomo wangu uliovimba kumwangalia anavyokula matunda ya mikono yangu.

Nikamuuliza, "Chumvi imekolea?"

"Imekolea, mama."

"Tamu?"

"Tamu, mama."

Alikuwa anakula polepole, anameza na maji. Nikajua ni tumbo limembana. Alipomaliza nikamwongeza. Hakusema hapana. Nikamwongeza kwa mkono wangu huu ulioshika kalamu.

Haikupita saa. Nikasikia anakimbilia nje. Alitapika mpaka hakuna kitu, bado anatapika. Halafu tumbo likamfungulia, na mara ya tatu nikaona damu. Nilikuwa nimeshika beseni. Lile lile. Nikadhani ni mtoto. Nikadhani ndiyo basi, imekuja, imetuacha tuvuke ili itucheke. Nilitaka kupiga kelele, kwa mdomo ule ikatoka sauti ya mbuzi.

Fundi cherehani aliruka seng'enge. Mama mzima, utepe wa kupimia shingoni, gauni likachanika mpaka pajani. Hakuuliza kitu. Akamwinua mkamwana kwapani, akaniambia, "Shika upande ule, dada, lia baadaye." Akasimamisha bajaji barabarani kwa mwili wake.

Nesi alimtundikia dripu. Presha ilikuwa imeshuka sana, mikono baridi kama samaki. Kisha akaniuliza, "Kala nini?"

Nikasema, "Mumunye la bustanini kwangu. Sijapulizia dawa yoyote. Safi kabisa."

"Lilikuwa chungu?"

"Hapana! Muulize mwenyewe."

Mkamwana alikuwa amefumba macho. Akasema, "Lilikuwa chungu."

"Chungu kidogo?"

"Kama kwinini. Kuzidi kwinini."

Nesi akaweka kalamu chini. "Sasa mbona ukala?"

Mkamwana akafumbua macho, akaniangalia mimi. Akayafumba tena. Mimi ndiye niliyekuwa jibu.

Mtoto bado anacheza. Nesi aliweka kile chombo chake tumboni, akasikiliza muda mrefu, akasema yupo. Lakini mama yake bado anaharisha, presha haijapanda, na wamesema saa ishirini na nne hizi ndizo za kuangalia. Zimebaki saa sita.

Ijumaa hiyo hiyo, usiku

Ya mchana nitaandika kesho, miguu imekufa. Ila hili lazima niliandike usiku huu, ingawa ni aibu.

Asubuhi pale kwenye benchi fundi cherehani alikuwa amekaa pembeni yangu, gauni kalifunga kwa pini, na mimi moyoni nikawa nasema: ni yeye. Kapulizia kitu. Kamwaga kitu shinani kwa sababu ya vibuyu vyake ninavyovikunja. Nilimwangalia mikono yake. Yeye akanipa nusu ya mkate wake, nikasema sina njaa, maana niliogopa kula kilichotoka kwake.

Nikampigia simu bwana shamba. Nikamweleza yote, na nikaongea kwa sauti ili fundi asikie.

Akaniuliza, "Mama, mbegu ulinunua wapi?"

"Za kwangu mwenyewe, nilizitunza."

"Na ule mmumunye wa mwaka jana uliotoa mbegu, ulikuwa umepakana na nini?"

Nikatazama utepe shingoni kwa jirani yangu.

"Na vibuyu," nikasema. "Vile vigumu."

Akavuta pumzi. Akanieleza taratibu. Kibuyu na mumunye ni ndugu. Nyuki anatoa unga kwenye ua la kibuyu anautia kwenye ua la mumunye. Tunda la mwaka ule ule halina tatizo, utalila na utalisifu. Ubaya unaingia kwenye mbegu. Ukizipanda mwaka unaofuata, baadhi zinazaa tunda la sura nzuri kabisa, lakini ndani ni sumu. Kupika hakuondoi. Alama ni moja tu, uchungu. "Ndiyo maana, mama, mumunye la mbegu za nyumbani unakata kipande kidogo kibichi, unagusisha ulimini. Likiwa chungu unatema, unatupa lote. Hulili kwa heshima ya mtu."

Kisha akauliza, "Miche mingine uligawa?"

Nikafungua daftari hili. Tarehe ishirini na mbili Machi. Nyumba tano.

Fundi alikuwa amesikia yote. Akasema, "Nenda. Huyu nitakaa naye mimi. Akifumbua macho nitakuwa hapa." Akanisukuma mgongoni: "Nenda, Mama Roho Juu! Leo ndiyo siku ya kuwa na roho juu!"

Jumamosi, 24 Mei

Nilikimbia jana. Mimi na miguu hii.

Mwalimu mstaafu, mimumunye yake iliharibiwa na konokono tangu Aprili. Nilimkumbatia kwa furaha, maskini akashangaa, alikuwa anataka kunipa pole. Kinyozi wake una maua tu. Tukaung'oa pamoja, wateja wanatazama na sabuni usoni. Mama wa genge alikuwa ameweka mawili mezani, ameyafuta yanang'aa, anasubiri mnunuzi. Nikayachukua, nikayapasua mbele za watu, nikagusisha ulimi. La kwanza kawaida. La pili, jamani. Ulimi wangu ulikuwa umeshazinduka. Uchungu ule unapanda mpaka masikioni. Nikatema, nikatema, na kila nikitema nikawa nakumbuka sahani mbili. Yeye alikula sahani mbili za kitu hiki na kusema tamu, mama.

Mama wa genge akasema, "Unaniharibia biashara, dada." Nikamwambia onja. Akagusisha ulimi. Akakimbilia ndoo ya maji, na meza akaimwaga mwenyewe.

Mama mwenye nyumba la kwake lilikuwa bado dogo. Tumeng'oa.

Kwa mlinzi mlango ulikuwa na kufuli. Nje, kwenye jaa lao, niliona maganda ya mumunye. Mabichi, ya siku hiyo. Wana watoto watano, mdogo hajatimiza miaka miwili. Niligonga mpaka mkono ukavimba. Jirani yao akasema wametoka wote asubuhi, haraka haraka, hajui wapi. Haraka haraka! Nilikaa kwenye kizingiti chao. Niliwaona wote watano wamelala kwenye vitanda vya ile wodi, mmoja mmoja, na mimi napita katikati na beseni. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mwaka ule wa beseni. Kule nilikuwa naogopa kufiwa. Hapa niliogopa kwamba nimeua.

Nilirudi kituo cha afya jua linazama, habari za watoto wa mlinzi sina. Presha ya mkamwana ilikuwa imepanda kidogo. Fundi alikuwa anamsimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa cha mtu mmoja akitaka kishonwe magauni matatu. Mkamwana alikuwa anacheka kwa macho.

Leo kulipokucha nikaenda tena kwa mlinzi. Nikasikia kelele kabla sijafika kona. Sijawahi kusikia kelele tamu hivyo. Walikuwa wamekwenda msibani kwa shangazi, basi, wamerudi jana usiku.

"Mumunye?" mke wa mlinzi akasema. "Lile takataka? Dada, nilikwenda kwako kulalamika hukuwepo! Nimepakua tu, mkubwa katia mdomoni, kapiga ukunga: chungu! Wa pili: chungu! Wa tatu kamtemea wa nne. Nikaonja, nikamwaga sufuria nzima. Hapa kwangu chakula kikiwa kibaya mtaa mzima unajua."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka na kulia. Mtoto mdogo akaja akanishika pua.

Njiani nikawaza. Ile nyumba watoto wana kelele, hawana adabu, mara ngapi nimewasema. Na sufuria ya sumu haikumgusa mtu. Kwangu ni kimya, adabu tupu, tafadhali mama, asante mama. Na sumu ikaliwa mpaka ikaongezwa.

Jumatatu, 26 Mei

Tumerudi nyumbani. Anatakiwa kulala tu. Mtoto anacheza, lakini nesi kasema tuangalie wiki zijazo, mwili umetikisika.

Nilikaa kwenye ncha ya kitanda chake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, likatoka moja: "Mbona hukuniambia?"

Alivuta shuka. Nikadhani ni lile duka lililofungwa. Halafu akaanza kuongea akitazama ukuta.

"Siku ile ya mchanga hukula mchana, mama. Wala jioni. Nikasema sitasema tena. Siku nyingine nikisema nimechoka, unalia chooni. Nasikia. Nikisema kiuno, unatetemeka. Nimejifunza kusema hakuna neno. Nikaliona lile mumunye ulivyolilea, umeliwekea majani kama mtoto, na mdomo wako umevimba, unaniangalia. Nikasema nitameza tu. Ni chakula, kitapita."

Nikamuuliza, "Unaniogopa?"

Akafikiri. Afadhali angejibu haraka.

"Sikuogopi wewe kunifanya kitu," akasema. "Naogopa kukuvunja."

Nilidhani mimi ndiye mwoga wa nyumba hii. Kumbe woga huo nimemlisha na yeye.

Jumanne, 27 Mei

Leo ilibidi kumpigia mwanangu. Fundi alikuja kunishikia simu. Nilisema yote, tangu mbegu mpaka sahani ya pili. Nikasikia injini ya lori. Kisha akasema, "Nakuja kumchukua. Ataenda kujifungulia kwao."

Sikubisha. Ningebisha nini?

Jumamosi, 31 Mei

Nimeng'oa mimumunye yangu yote sita. Nimekata kwanza kila tunda na kuonja, ili nijue. Minne salama, miwili chungu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Hata iliyo salama nimeing'oa. Chupa ya mbegu nimeimwaga motoni.

Fundi alisimama upande wake wa ua. "Nami ning'oe vyangu?" akauliza. Nikamwambia hapana, ndiyo kazi yako, mimi nitanunua mbegu dukani kila mwaka na wewe endelea na kata zako. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyomwazia pale kwenye benchi. Akasema, "Niliona jinsi ulivyoutazama mkate wangu. Nikala mwenyewe, ulikuwa mtamu."

Jumatatu, 2 Juni

Mwanangu amefika. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Nikamwambia mkewe, mbele yake, "Kama hutaki kwenda, sema, nitamwambia mimi."

Mkamwana akaniangalia usoni. "Nataka kwenda, mama," akasema. "Si kwa hasira. Hapa tunaogopa wawili. Wewe ukiogopa na mimi nikiogopa, mtoto atakaa wapi?"

Liliniingia kama mwiba wa bamia, mdogo lakini huutoi. Ndilo neno la kwanza la kweli aliloniambia bila kuulizwa. Nikamfungia nguo zake. Nilitaka kumfungia na mchicha, nikauacha.

Jumanne, 3 Juni

Nyumba kimya.

Jumatano, 11 Juni

Mvua imekatika. Nimegeuza udongo wa kando ya ua, nimetia majani na samadi ulale. Udongo hauna kosa.

Ijumaa, 20 Juni

Miezi minane. Sijapiga simu. Naogopa kupiga, naogopa kutopiga.

Alhamisi, 26 Juni

Amepiga yeye. Kasema miguu imevimba, hapati usingizi, mama yake anamsumbua kwa uji. Nilikuwa nasema "pole" na kushika meza isiniponyoke. Sikulia mpaka alipokata. Nadhani hakujua. Naomba awe hakujua.

Jumamosi, 5 Julai

Bamia zimezaa. Nimegawa. Kila nyumba nimesema onjeni kwanza, na mkiona kibaya njooni mnitukane. Mke wa mlinzi kasema hilo halihitaji mwaliko.

Jumatano, 16 Julai

Mwanangu kapiga asubuhi. Uchungu umeanza, wako hospitali. Nimepalilia mchicha wote. Nimepalilia tena pale ambapo hapana magugu. Fundi kasema nikiendelea hivi nitang'oa na dirisha la nyumba. Mchana kimya. Jioni kimya. Nimewaza kila kitu ambacho mwanadamu anaweza kuwaza.

Alhamisi, 17 Julai

Simu imelia nikiwa na jembe mkononi. Namba ya mkamwana. Nikaogopa kupokea, nikaiacha ikalia mara nne. Nikapokea.

"Mama," akasema. Sauti imechoka kama nguo iliyokamuliwa. "Ni msichana. Yuko salama. Mimi nimeshonwa, inauma sana, sana mama, nimepiga kelele mpaka wakunga wamenikoma."

"Vizuri," nikasema. "Umefanya vizuri."

Nyuma yake nikasikia mtoto. Hakuwa analia kwa unyonge, alikuwa anagomba, kama mtu aliyefika dukani akakuta hakuna sukari.

Mkamwana akasema, "Samahani mama, hata hatusikilizani. Ngoja kwanza nimnyamazishe."

Nikaliacha jembe likaanguka.

"Usimnyamazishe," nikamwambia. "Mlete karibu na simu. Mwache aseme."